Picha Nayo Husomwa: Infografiki na Darasa la Kwale

Utangulizi

Chati ya saa ni miongoni mwa vitu vya kwanza kutundikwa ukutani katika madarasa ya gredi za chini. Aghalabu huwa ni duara lenye tarakimu 12 na mishale miwili, lililochorwa kwa mkono wa mwalimu kwenye karatasi ya manila au kwenye gunia la nailoni lililokatwa na kunyooshwa. Mshale mfupi ukielekea 10 na ule mrefu ukielekea 12, mwalimu wa Kiswahili huwaambia wanafunzi kuwa ni saa nne. Kipindi kinachofuata, mwalimu wa Kiingereza husimama mbele ya chati ile ile na kusema kuwa ni saa kumi. Hakuna aliyekosea kati yao. Mchoro ni mmoja na mishale haijasogea, ila kinachosomwa kimebadilika kwa kuwa lugha imebadilika.

Chati hii, ijapokuwa ni ya kawaida mno, yatosha kutia shaka dai linalosikika mara kwa mara katika mijadala ya elimu, yaani kwamba picha haina lugha na kwamba mtoto yeyote akionyeshwa mchoro ataelewa. Dai hilo limepata nguvu zaidi tangu infografiki zianze kupigiwa debe kama zana ya kufundishia Hisabati, Sayansi, masomo ya Jamii na lugha. Infografiki, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni mchoro unaounganisha picha, tarakimu na maneno machache ili kueleza jambo moja kwa mtazamo mmoja: grafu ya duara, ramani ya mvua, mchoro wa mzunguko wa maji, jedwali la ngeli. Neno lenyewe ni geni, bali kitu chenyewe si kigeni. Walimu wamekuwa wakikiita chati au kielelezo kwa miaka mingi.

Makala haya hayapingi matumizi ya infografiki. Yanashikilia kwamba infografiki ni matini kama matini nyingine: ina lugha, ina mwandishi, na ina uwezo wa kusema kweli au uongo. Kwa hiyo, katika shule za Kwale na pwani ya kusini ya Kenya kwa jumla, itawafaa wanafunzi iwapo itaandikwa kwa lugha wanayoielewa, itachota mifano katika mazingira yao, na iwapo watafundishwa kuihoji na kuichora wenyewe. Kinyume cha hayo, itakuwa pambo la ukutani.

Maneno na taswira

Mwaka 1658, mjini Nuremberg, mwalimu Comenius kutoka Moravia alichapisha Orbis Sensualium Pictus, kitabu cha picha kwa ajili ya watoto. Sehemu za kila picha zilitiwa namba, na namba hizo zikaelezwa kwa lugha mbili sambamba, Kilatini na Kijerumani. Kilatini ndicho kilichokuwa lugha ya shule wakati huo. Hata hivyo, Comenius hakumwacha mtoto apambane nacho peke yake. Picha ilikuwa daraja, na mojawapo ya nguzo za daraja hilo ilikuwa lugha ya nyumbani.

Zaidi ya miaka 300 baadaye, mwaka 1971, mwanasaikolojia wa Kanada Allan Paivio alieleza nadharia inayoelekea upande huo huo. Kwa mujibu wake, akili hushughulikia habari kwa njia mbili zinazohusiana, njia ya maneno na njia ya taswira. Jambo lililopita katika njia zote mbili hukumbukwa vyema kuliko lililopita katika moja. Wapigiaji debe wa infografiki huitaja nadharia hii mara nyingi, lakini husahau nusu yake. Ikiwa maneno yaliyo kwenye mchoro hayaeleweki, njia ya pili imefungwa, na mwanafunzi hubaki na picha ambayo hajui inasema nini.

Suala hili lina uzito wa pekee nchini Kenya. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, sera imekuwa kwamba lugha ya eneo itumike kufundishia katika madarasa matatu ya mwanzo, kisha Kiingereza kishike hatamu kuanzia darasa la nne. Mtaala wa umilisi, uliojaribiwa mwaka 2017 na kuanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, haukuibadilisha kanuni hiyo. Maana yake ni kwamba mtoto wa Msambweni au wa Kinango, ambaye nyumbani husema Chidigo, Chiduruma au Kiswahili, hukabidhiwa mageni mawili kwa mpigo afikapo Gredi ya Nne: dhana ngumu zaidi, na lugha ambayo haisikii nyumbani wala sokoni. Hata Diani, ambako Kiingereza, Kijerumani na Kiitaliano husikika ufuoni kwa sababu ya utalii, lugha hizo ni za kuuzia bidhaa na kuelekeza wageni, si za kumwelezea mtoto jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Ni wakati huu hasa ambapo mwanafunzi anahitaji mchoro uliofafanuliwa kwa maneno anayoyajua, na ni wakati huu ambapo maneno hayo huondolewa.

Kwa wanafunzi wa fasihi hoja hii haipaswi kuwa ngeni, kwa maana pwani imekuwa na matini ya aina hii kwa muda mrefu. Leso ina pindo, mji na jina. Pindo huzunguka, mji hubeba picha, na jina huandikwa chini ya picha hiyo. Inasimuliwa kwamba desturi ya kutia jina ilianzishwa mapema katika karne ya 20 na Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyefahamika kwa jina la Abdulla. Nanasi au korosho iliyochorwa kwenye mji ni pambo tu hadi jina lisomwe. Likishasomwa, leso huwa pongezi, onyo au kijembe kwa jirani, na mnunuzi mwenye busara hasahau kulisoma kabla ya kutoa fedha. Infografiki yenye maelezo asiyoyaelewa mwanafunzi ni sawa na leso ambayo aliyejitanda hajui jina lake linamwambia nani nini.

Mifano iliyo karibu

Baada ya lugha, jambo la pili ni maudhui. Ghuba ya Gazi, kusini mwa Diani, ni maabara isiyohitaji kununuliwa. Aina zote za mikoko zinazojulikana Kenya, takriban 9, hupatikana huko, nazo hazikuota kiholela. Mtu akitoka upande wa bahari kuelekea nchi kavu hukuta kwanza mlilana, kisha mkoko wenye mizizi iliyojipinda kama miguu, kisha muia na mkandaa, na mchu ambao huota hata kwenye udongo wenye chumvi kali upande wa bara, ukitoa mizizi yake juu ya tope kama penseli zilizosimamishwa ili kupata hewa. Mchoro mmoja wa ghuba hiyo ikionekana kwa ubavu, wenye mstari wa maji kujaa na mstari wa maji kupwa, ungemfundisha mwanafunzi wa Sayansi jinsi viumbe wanavyokabiliana na mazingira kuliko kurasa kadhaa za maelezo. La muhimu ni kwamba majina yote yanayohitajika yapo tayari katika Kiswahili. Wajenzi na wavuvi wameyatumia kwa vizazi.

Mchoro huo huo waweza kuendelezwa hadi somo la Jamii. Tangu mwaka 2013, vijiji vya Gazi na Makongeni vimeendesha mradi wa Mikoko Pamoja, unaohifadhi hekta 117 za mikoko na kuuza haki za hewa ya ukaa inayofyonzwa na miti na kuhifadhiwa katika tope. Mapato yake yamesaidia huduma za maji na shule. Mwaka 2019 mradi wa namna hiyo ulianzishwa huko Vanga. Safari ya hewa hiyo kutoka jani hadi tope, na ya fedha kutoka kwa mnunuzi wa ng'ambo hadi bomba la maji kijijini, ni infografiki inayosubiri mchoraji.

Kwa upande wa Hisabati, hapana budi kutaja maji ya bahari yenyewe. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa takriban saa 24 na dakika 50. Ndiyo sababu maji yaliyojaa leo saa kumi alfajiri hujaa kesho kiasi cha saa kumi na dakika 50. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu huja bamvua. Katikati yake huja maji mafu. Mwanafunzi akipima kimo cha maji kwenye nguzo iliyotiwa alama, kila siku kwa mwezi mmoja, kisha akakichora kwa grafu ya mistari, atakuwa amejifunza kujumlisha muda, kuweka vipimo kwenye mihimili, na kusoma mpangilio unaojirudia. Mtoto wa mvuvi huingia darasani akilijua jambo hili. Asichoambiwa ni kwamba analolijua ni Hisabati.

Picha nayo huongopa

Infografiki ina hatari yake, na wanaoisifu hawaitaji vya kutosha. Tuchukue mfano wa sensa. Mwaka 2009, eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Kwale lilihesabiwa kuwa na watu 649,931. Mwaka 2019 idadi hiyo ikawa 866,820. Ongezeko ni la thuluthi moja. Tuseme mchoraji anaonyesha hali hiyo kwa sanamu mbili za mtu, ya pili ikiwa ndefu kuliko ya kwanza kwa thuluthi moja. Ili umbo lisipotoke, humlazimu kuipanua pia kwa thuluthi moja. Matokeo yake ni kwamba sanamu ya pili hujaza nafasi kubwa kuliko ya kwanza takriban mara 1.8. Tarakimu zimesema kweli, picha imesema karibu maradufu, na jicho la mtoto huiamini picha.

Otto Neurath na wenzake, waliobuni mfumo wa takwimu kwa picha mjini Vienna katika miaka ya 1920, walilitambua tatizo hilo wakaliwekea kanuni: idadi ikiongezeka, alama ziongezeke, zisikuzwe. Kwa kanuni hiyo, alama moja ikiwakilisha watu 100,000, Kwale ya mwaka 2009 huchorwa kwa alama sita na nusu, na ya mwaka 2019 kwa alama nane na thuluthi mbili, zote za ukubwa mmoja. Inafaa kukumbuka kwamba Marie Neurath, aliyeuendeleza mfumo huo, alifanya kazi Nigeria ya Magharibi katika miaka ya 1950, na huko michoro ilibidi irekebishwe ilingane na maisha ya wenyeji. Hata waliotamani alama za kueleweka ulimwenguni kote walikiri kwamba msomaji hana budi kujulikana kwanza.

Udanganyifu wa namna hii ungekuwa jambo dogo laiti ungeishia darasani. Kwale, hauishii hapo. Kuanzia mwaka 2014 madini ya titani kutoka sehemu za Nguluku na Maumba, ambako familia zilihamishwa kupisha mgodi, yalisafirishwa ng'ambo, hadi uchimbaji huo ulipokoma mwezi wa Desemba 2024. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inaeleza kwamba mrabaha unaolipwa ugawanywe hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa serikali ya kaunti, na asilimia 10 kwa jamii ya eneo la machimbo. Kwenye grafu ya duara, hizo ni digrii 252, 72 na 36. Mwanafunzi wa sekondari msingi mwenye bikari na kipimapembe anaweza kuichora grafu hiyo katika kipindi kimoja, na akishaichora hatasahau ukubwa wa kipande cha digrii 36, ambacho ndicho cha kwao.

Fauka ya hayo, akionyeshwa grafu ya duara iliyolazwa mithili ya sahani mezani, atajua kwa nini kipande kilichowekwa mbele huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Katiba ya mwaka 2010 imewapa wananchi haki ya kushiriki katika mambo ya umma, na ushiriki huo siku hizi hupitia kwenye chati: chati za bajeti, za miradi, za fidia. Mzee asiyeweza kusoma chati huambiwa na mwingine kilichomo, naye hulazimika kuamini. Basi kumfundisha mtoto wa Msambweni kuisoma na kuihoji infografiki ni kumpa uwezo wa kuyachunguza yale ambayo wazazi wake walilazimika kuyaamini tu.

Pingamizi na majibu yake

Yamkini patatokea wa kusema kwamba infografiki za Kiswahili zitamdhuru mwanafunzi, kwa kuwa isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe, atatahiniwa kwa Kiingereza. Pingamizi hili si la kupuuzwa. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini tathmini zilizoshika nafasi yake hazijabadilisha lugha. Jibu ni lile la Comenius: lugha mbili kwenye mchoro mmoja, neno la Kiswahili likitangulia na la Kiingereza likifuata chini yake. Mwanafunzi ashike maana kwanza, kisha ajifunze jina la pili la maana hiyo. Anayekariri jina bila maana hupata shida pale tu swali linapoulizwa kwa namna nyingine. Katika gredi tatu za mwanzo, majina ya Chidigo na Chiduruma nayo yapewe nafasi, kwa sababu Kiswahili chenyewe si lugha ya kwanza ya kila mtoto wa Kwale.

Pingamizi la pili huhusu istilahi. Husemwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha ya Sayansi na Hisabati. Dai hili limepitwa na wakati. Shule za msingi za umma nchini Tanzania zimefundisha kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Usanisinuru si neno la jana. Linalokosekana Kenya ni mazoea ya kuyatumia maneno hayo, na mazoea huanzia ukutani mwa darasa.

La tatu ni gharama. Mwaka 2016 serikali ilianza kusambaza vishikwambi katika shule za msingi, na wapo wanaoamini kwamba bila vifaa vya namna hiyo hakuna infografiki. Vifaa hivyo vina manufaa palipo na umeme na fundi wa kuvitengeneza. Ukuta uliopakwa chokaa, gunia na rangi vinatosha kwa sehemu kubwa ya yaliyopendekezwa hapa. Kweli, hewa ya chumvi hubandua rangi na karatasi. Lakini mchoro unaochorwa upya kila mwaka na wanafunzi wapya una faida kuliko ule uliochapishwa mjini ukadumu miaka 10 bila kuangaliwa.

Lipo pia pingamizi linalowahusu wasomi wa fasihi moja kwa moja, nalo makala haya yanalikubali. Si kila kitu kinafaa kuchorwa. Jedwali la ngeli humsaidia mwanafunzi, na mchoro wa mti unaoonyesha tanzu za fasihi simulizi una nafasi yake. Lakini riwaya iliyogeuzwa kuwa visanduku na mishale, au shairi lililopunguzwa kuwa orodha ya mbinu za lugha, humfanya mtahiniwa adhani amesoma kazi ambayo hajaifungua. Mahali ambapo namna ya kusema ndiyo maana yenyewe, hapana mchoro wa kuchukua nafasi ya kusoma.

Hitimisho

Mambo yaliyojadiliwa hapa hayafai kuachiwa wachoraji na wataalamu wa kompyuta pekee. Anayejua uhusiano wa neno na maana, anayejua jinsi matini inavyomwelekeza msomaji, na anayejua majina ya miti, samaki na maji ya pwani kwa Kiswahili fasaha, ni mwanafunzi na mhadhiri wa Kiswahili. Wanafunzi wengi wa Kiswahili hupitia mazoezi ya ualimu mashuleni. Kila mmoja wao akiacha shuleni chati moja ya lugha mbili, iliyochorwa pamoja na wanafunzi na kukaguliwa na mwalimu wa Sayansi au Hisabati, kazi itakuwa imeanza bila kusubiri bajeti ya mtu. Idara nazo zinaweza kuhimiza tasnifu zinazokusanya istilahi za bahari na mazingira katika Gazi, Shimoni, Wasini na Vanga kabla wazee wanaozijua hawajaondoka nazo.

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Methali hiyo ina hekima yake barazani, lakini haiwezi kuwa kanuni ya shule. Shuleni, asiyejua maana ndiye hasa anayepaswa kuambiwa, na aambiwe kwa lugha atakayoweza kuulizia swali.